Peugeot 504 na Datsun 160J: Mizani ya Ng'ambo

Ubishi mkubwa wa barazani Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulikuwa wa magari mawili. Ukipita ng'ambo ya kisiwa, Likoni, Kisauni au Magongo, baada ya sala ya alasiri, ungekuta kahawa inamiminwa na watu wazima wamegawanyika kambi mbili: kambi ya Peugeot 504 na kambi ya Datsun 160J. Hata asiyekuwa na gari alikuwa na upande wake, na aliutetea kwa moyo wote.

Kambi ya Peugeot ilianza na Safari Rally. Iliwakumbusha watu kwamba Peugeot 404, iliyoitangulia 504, ilishinda mashindano hayo mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Kisha 504 ikashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson wa Sweden, na 1978 Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa akaongeza ushindi mwingine kwa 504 Coupé ya injini ya V6. Kambi ya Datsun ilijibu kwa jina moja tu: Shekhar Mehta. Dereva huyo wa Kenya, mzaliwa wa Uganda, alishinda 1973 na Datsun 240Z, kisha akashinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akisomewa ramani na Mike Doughty, ndani ya gari la ukoo wa Datsun Violet. Ukoo huo ndio uliotuletea 160J.

Mimi nilikulia kati ya kambi hizo mbili. Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa na 504 stesheni wagoni, akibeba abiria kutoka Likoni kwenda Kwale na Lungalunga. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mwalimu Kisauni, na alikuwa na 160J aliyoitunza kama mboni ya jicho. Nilipomaliza shule nilipelekwa kushika spana katika gereji moja ya Magongo, Changamwe, na magari ya namna zote mbili yalikuwa yakiletwa juu ya shimo letu. Kwa hivyo niliyajua kutoka kwenye kiti cha abiria, na niliyajua kutoka chini, nimelala chali juu ya gunia, oili ikinidondokea.

Fundi aliyenifunza kazi hakupenda ubishi wa barazani. Siku ya kwanza niliyomuuliza ni gari gani lililo bora, alinijibu bila kuinua kichwa: "Kijana, usiulize gari lina nguvu ngapi. Uliza linabeba nini, linapita wapi, na likilala, nani atalifungua." Nimeishi na magari umri wangu wote, na sijapata kipimo kilichoshinda hicho. Ninakiandika hapa kwa sababu naona vijana wetu leo wakinunua magari kwa kuangalia cc na jina, wakiyaacha maswali ambayo barabara itawauliza wiki ya kwanza.

Karatasi ilisema nini

Tuanze na namba, kwa kuwa mtu asiyezijua hawezi kulinganisha chochote.

Peugeot 504 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1968, na mwaka 1969 ikachaguliwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Ndiyo maana taa zake za mbele zina ule mwinamo wa macho ya mtu anayekutazama kwa makini. Za mwanzo zilikuwa na injini ya cc 1,796. Baadaye ikaja ya cc 1,971, na hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya gari la ami: silinda nne, kabureta, farasi 93 hivi. Saluni ilikuwa na uzito wa karibu kilo 1,200, na stesheni wagoni karibu kilo 1,300. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, saluni ilipima milimita 2,740 na stesheni wagoni milimita 2,900. Stesheni wagoni nzima ilikuwa na urefu wa karibu mita 4.8.

Datsun 160J tuliyoizoea zaidi ni ile ya kizazi kilichoanza mwaka 1977. Injini yake iliitwa L16: silinda nne, cc 1,595, kamshafti ikikaa juu kichwani badala ya kukaa ndani ya bloku kama ile ya 504. Nguvu yake ilikuwa karibu farasi 80, uzito wake karibu kilo 1,000, na umbali kati ya ekseli zake milimita 2,400. Ukiiegesha kando ya stesheni wagoni ya ami, ilipungua kwa zaidi ya nusu mita.

Magari yote mawili yalisukumwa na magurudumu ya nyuma. Yote mawili yaliweza kukaribia kilomita 160 kwa saa, kasi ambayo hakuna barabara ya ng'ambo iliyoihitaji.

Sasa chukua hizo farasi ugawanye kwa uzito. Saluni ya 504 inapata farasi 77 au 78 kwa kila tani. Datsun inapata 80. Yaani injini kubwa ya Ufaransa na injini ndogo ya Japani zilikuwa sawa kwa sawa, na kama kuna aliyekuwa mbele, basi ni yule mdogo, kwa unywele. Mjomba aliijua siri hii bila kupiga hesabu. Akitoka Kiembeni peke yake asubuhi, barabara ikiwa tupu, Datsun ilimwitikia mara moja. Ilikuwa nyepesi mkononi, ilikata kona za Bombolulu bila kulala ubavu, na haikuhitaji kubembelezwa.

Ami naye hakuwahi kusafiri peke yake. Hapo ndipo hesabu ya karatasi ilipoanza kubadilika.

Swali la kwanza: linabeba nini?

Stesheni wagoni ya 504 iliyokuwa na safu tatu za viti ilichukua dereva na abiria saba wa nauli, na juu ya paa palikuwa na keria ya mizigo. Magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, vikapu vya nazi, godoro la mtu anayehama, yote yalipanda. Ukiongeza watu na mizigo, gari hilo lilikuwa likitembea na karibu tani mbili barabarani.

Wahandisi wake waliliandalia kazi hiyo. Saluni ya 504 GL ilikuwa na ekseli ya nyuma iliyogawanyika, kila gurudumu likipanda na kushuka kivyake, na ndiyo iliyosifiwa kwa ulaini. Stesheni wagoni haikupewa mfumo huo. Ilipewa ekseli moja ngumu, na juu yake springi nne za koili badala ya mbili. Yaani kampuni ilikubali kupoteza ulaini kidogo ili ipate mgongo wa kubebea. Mara nyingi nilimsikia fundi wangu akiwaeleza wateja jambo hili, kwa sababu walidhani 504 zote ni moja. Jina lilikuwa moja, lakini chini palikuwa na magari mawili tofauti.

Datsun haikuundwa kwa kazi hiyo. Iliundwa kwa baba, mama na watoto, na begi kwenye buti. Waliojaribu kuifanya ya kubebea watu saba waliishia kwetu Magongo, springi zimelala, shoki zimekufa, mkia wa gari unakwaruza kila tuta.

Hesabu ya mafuta nayo iligeuka kulingana na mzigo. Kwa vipimo vyetu vya gereji, 160J iliyopimwa vizuri ilikwenda kilomita 11 au 12 kwa lita. 504 ya ami ikiwa imejaa haikuvuka 9. Barazani hapo ndipo kambi ya Datsun iliposhangilia. Lakini gawanya mafuta kwa watu. Lita moja ikisukuma abiria saba kilomita 9, umepata kilomita 63 za abiria. Lita moja ikisukuma abiria wanne kilomita 12, umepata 48. Gari lililoonekana mlafi lilikuwa ndilo lenye ubahili, maadamu limejaa. Likitembea tupu, ubahili wote unahamia kwa mwenziwe.

Miaka hiyo hesabu hiyo haikuwa mchezo. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Changamwe tuliishi ukutani mwa kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichoanza kazi mwaka 1963, tukiona moto wa bomba lake usiku kucha, lakini ujirani huo haukutupunguzia hata senti moja kwenye kituo cha petroli. Mjomba na mshahara wake wa ualimu asingeliweza kuimudu 504. Ami na abiria wake asingeliweza kuishi kwa 160J. Kila mmoja alikuwa na gari lililomfaa, na kila mmoja alimwona mwenzake amepotea.

Swali la pili: linapita wapi?

Mtu wa kisiwani anaweza kuishi na gari lolote. Mtu wa ng'ambo, hasa wa Likoni, hupimwa na kivuko.

Msomaji asiyeijua feri ya Likoni namweleza hivi. Feri hushusha mlango wake juu ya mteremko wa saruji unaoingia majini. Maji yakijaa, mteremko ni mfupi na gari linatoka kama linatoka gereji. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, feri inakaa chini sana, mteremko unakuwa mrefu, sehemu yake ya chini imelowa na ina utelezi wa mwani. Pale mlango unapokutana na saruji panakuwa na pembe kali. Hapo kuna vipimo viwili ambavyo sikuwahi kuvisikia barazani: nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi, na urefu kati ya ekseli na ekseli.

504 iliinuka vizuri juu ya ardhi na springi zake zilikuwa na mwendo mrefu. Saluni ilipita pembe ile bila wasiwasi. Stesheni wagoni ndiyo iliyokuwa na shida, kwa sababu ya urefu: milimita 2,900 kati ya ekseli, na mkia mrefu nyuma yake. Abiria hushuka na kutembea kwa miguu, lakini mizigo hubaki, na mkia uliojaa magunia hulala. Nimesikia sauti ya ekzosi ya ami ikikwaruza mlango wa feri siku za bamvua, na najua gereji yetu ilichomelea ekzosi ngapi za Likoni zilizokatika mahali pale pale. Ami alijifunza kupakia mizigo mizito karibu na mgongo wa dereva badala ya kuijaza nyuma kabisa, na kwa hilo tu akaipunguzia ekzosi maisha magumu.

Datsun ilikuwa chini zaidi, lakini ilikuwa fupi. Milimita 2,400 zilimaanisha kwamba pembe ilipita chini ya tumbo lake kabla haijagusa. Mjomba alipokuja Likoni kututembelea siku za sikukuu, alipanda mteremko ule kwa utulivu uliowaudhi watu wa kambi ya Peugeot. Ufupi, ambao kwenye karatasi ulionekana upungufu, pale kivukoni ulikuwa neema.

Baada ya feri kuna barabara. Kutoka Likoni unaenda Ng'ombeni, Kombani, kisha unakata kulia na kuanza kupanda Shimba Hills hadi Kwale, karibu mita 400 juu ya bahari. Kilima hicho kilinifunza tofauti kati ya nguvu ya farasi na nguvu ya msokoto. Farasi hueleza injini inaweza kufanya kazi kiasi gani ikiwa imepandishwa mizunguko mpaka inalia. Msokoto hueleza inavuta vipi ikiwa bado imetulia. Injini ya 504 ya cc 1,971 ilitoa zaidi ya Nm 160 ikiwa kwenye mizunguko kama 3,000 kwa dakika. L16 ilitoa karibu Nm 125, na ilitaka izungushwe juu zaidi kuzipata. Ukigawanya kwa uzito wa gari tupu, saluni ya 504 inaongoza kwa asilimia chache. Si pengo kubwa, lakini lilipatikana chini, mahali dereva aliyebeba watu saba anapolihitaji. Ami alipanda Kwale kwa gia ya tatu sehemu nyingi, akizungumza na abiria. Datsun iliyojaa ilirudishwa gia ya pili, injini ikapiga kelele, na sindano ya joto ikaanza kutembea.

Barabara ya Nairobi ilisema hayo hayo kwa sauti kubwa zaidi. Ni kama kilomita 480, na unapanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa inazidi kuwa nyepesi. Farasi 80 za Mombasa zikifika Nairobi ni kama 67. Farasi 93 ni kama 78. Mjomba alikwenda Nairobi na kurudi salama mara nyingi likizo za shule, lakini alipanda taratibu na alipumzisha gari Voi na Mtito Andei. Kwa ami safari hiyo ilikuwa kazi ya siku kama nyingine.

Kwa hiyo ukiniuliza ni gari gani lililofanya vizuri zaidi barabarani, nitakuuliza ni barabara ipi. Kisauni kwenda mjini kwa daraja la Nyali, Datsun. Likoni kupanda Kwale, 504. Mteremko wa feri wakati wa bamvua, Datsun tena.

Swali la tatu: nani atalifungua?

Magongo ndiko nilikojua kwamba ubora wa gari unaonekana vizuri zaidi siku limeharibika.

Bloku ya 504 ilikuwa na slivu zinazotoka, maji ya radieta yakizizunguka kwa nje. Silinda ikilika, hakukuwa na haja ya kuipeleka bloku kwenye mashine ya kukwangua. Unazing'oa slivu nne za zamani, unatia nne mpya na pistoni zake, unaangalia usawa wa vimo vyake, unafunga. Injini inaanza maisha upya pale pale gerejini. Kwa gari la biashara, lenye mwenyewe anayesubiri kurudi barabarani, hiyo ilikuwa rehema kubwa. Lakini kichwa chake kilikuwa cha alumini, na gari likiachwa lichemshe kilipinda. Wenye 504 waliodharau kutazama maji asubuhi walilipa kwa dharau hiyo.

Bloku ya L16 ilikuwa chuma kitupu bila slivu. Ikilika ilitaka kukwanguliwa na kutiwa pistoni za saizi kubwa zaidi, kwa hiyo tuliibeba kwenda kwa wenye mashine na kungoja zamu. Ila injini ile ilichelewa sana kufika huko. Ukibadilisha oili kwa wakati na kuusikiliza mnyororo wa kamshafti, ilitembea miaka. Na ilikuwa na ndugu wengi: ukoo wa injini za L ulitumika katika saluni kadhaa za Datsun na katika pikapu zake, kwa hiyo spea ya huku mara nyingi ilifaa kule.

Klachi ndiyo iliyotutofautishia mafundi. Kwenye 504, propela shafti inazunguka ndani ya bomba la chuma lililofungwa kutoka giaboksi hadi difu. Muundo huo ni imara, na unafanya gari litulie linaposukuma. Lakini ili ushushe giaboksi, lazima ulisogeze bomba zima na ekseli yake nyuma. Ilikuwa kazi ya siku nzima ya watu wawili. Kwenye Datsun propela ilikuwa wazi. Unafungua bolti zake, unaivuta, unashusha giaboksi, na mteja anaondoka jioni ile ile. Bei ya klachi yenyewe haikupishana sana. Kilichopishana ni siku ambazo gari linalala, na kwa mwenye gari la abiria kila siku ya kulala ni nauli iliyokwenda kwa mwingine.

Upande wa spea, 504 ilikuwa na bahati ya kuwa mwenyeji. Magari ya Peugeot yalikuwa yakiunganishwa hapa hapa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kule Miritini, mbele kidogo ya Changamwe. Vijana wa mitaa yetu walifanya kazi humo. Walijua kila bolti inakaa wapi, na wengine walipoacha kazi walifungua gereji zao. Uzalishaji wa saluni ulipokoma Ufaransa mwaka 1983, Kenya iliendelea kuunganisha 504 kwa miaka mingi, hasa pikapu, na kwa hiyo hata saluni kuukuu zilipata spea na mafundi. Jambo hili haliandikwi kwenye karatasi yoyote ya kiwanda, na bado lilikuwa na uzito kuliko farasi 13 zilizozidi.

Adui asiyebagua

Kuna mwamuzi mmoja ambaye kambi zote mbili zilimsahau: chumvi. Upepo wa bahari unapiga Likoni na Kisauni mchana na usiku, na feri inarushia magari maji ya chumvi kwa chini. Magari ya miaka hiyo hayakukingwa dhidi ya kutu kama ya leo. 504 ilianza kuoza kwenye vizingiti vya milango na sakafu. 160J ilianza kwenye makali ya matao ya magurudumu na chini ya betri. Nimeona injini nzima, yenye afya, ikitolewa kwenye bodi iliyokuwa imebaki rangi tu.

Hapa mjomba aliwashinda wengi. Kila alipovuka feri, alirudi nyumbani akaliosha gari kwa chini kwa maji baridi ya kisima, na kila mwaka kabla ya mvua za masika alilipaka oili chafu kwenye sakafu na ndani ya vizingiti. Majirani walimwona anapoteza wakati. Gari lake lilidumu kuliko 504 nyingi zilizonunuliwa mwaka mmoja nalo, si kwa sababu bati lake lilikuwa nene zaidi, bali kwa sababu ya ndoo ya maji na mkono wa mwenyewe. Hakuna mtengenezaji anayeweza kukuuzia jambo hilo.

Safari Rally na sisi

Narudi kwenye ushindi uliotajwa barazani, maana ulikuwa wa kweli na ulitupa fahari. Lakini gari lililoshinda 1978 lilikuwa Coupé ya V6 ya cc 2,664. La ami lilikuwa silinda nne. Mehta naye, hasa miaka ya mwisho ya ushindi wake, aliendesha Violet GT ya lita mbili yenye valvu 16. Ya mjomba ilikuwa na valvu 8 na kabureta moja. Nyuma ya kila gari la mashindano kulikuwa na magari ya huduma, mafundi, matairi na spea zilizopangwa njiani.

Mwaka 1973 Mehta na Harry Källström walimaliza Safari wakiwa na alama sawa, wote kwa Datsun, ikabidi mshindi apatikane kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Maelfu ya kilomita za matope na mawe, na tofauti ilikuwa ni nani alianza kukosea baadaye. Hiyo ndiyo sifa ninayoikubali kutoka kwenye mashindano yale: kutoharibika. Peugeot na Datsun zote zilikuwa nayo, kila moja kwa njia yake, na ndiyo sababu zilibaki barabarani kwetu baada ya majina mengine kusahauliwa.

Kwa anayenunua leo

Siku hizi gari linateremka bandarini Kilindini kutoka Japani, halijatimiza miaka minane kama sheria inavyotaka, na mnunuzi anaulizwa anataka cc ngapi. Magari yamebadilika. Kabureta imekwenda, kompyuta imeingia, na nguvu za farasi 93 zinatoka kwenye injini ndogo kuliko ya mjomba. Maswali ya fundi wangu hayajabadilika.

Kijana wa Mshomoroni, Mtongwe au Mikindani unayeweka akiba yako, fanya hivi kabla ya kulipa. Andika ni watu wangapi na kilo ngapi utakazobeba siku nyingi za wiki, usihesabu siku moja ya harusi. Gawanya nguvu za gari kwa uzito wake likiwa limejaa. Soma msokoto wake unapatikana kwenye mizunguko mingapi. Pima kwa futi nafasi kati ya tumbo na ardhi, kisha nenda kautazame mteremko wa feri maji yakiwa yamepwa, au mashimo ya mtaa wako baada ya mvua. Uliza mafundi watatu wa karibu nawe kama wameshawahi kufungua injini ile, na uliza bei ya klachi, ya shoki na ya kompyuta yake kabla hujauliza bei ya gari. Halafu uliza kama uko tayari kuliosha kwa chini.

Na kwa wazee wa barazani wanaosubiri hukumu yangu kwa miaka yote hii, naitoa bila kumwogopa mtu: Peugeot 504 lilikuwa gari bora kwa anayebeba wengine, na Datsun 160J lilikuwa gari bora kwa anayejibeba mwenyewe. Kama ningelazimika kuchagua moja la kuishi nalo Likoni, nikiwa na familia, mizigo na kilima cha Kwale mbele yangu, ningechukua 504, nikalitunza kwa mkono wa mjomba.